Pima Uso Kwanza

Mwezi wa kumi, jua la mchana Dar es Salaam halina upande. Karibu na tarehe 10 linapita utosini kabisa, na saa sita ikishapita kidogo utamkuta kijana muuza miwani wa Mtaa wa Samora amesimama juu ya kivuli chake mwenyewe. Nguzo za umeme hazitoi hata mstari. Macho ya wapita njia yamezama kwenye mashimo meusi chini ya nyusi. Huo ndio wakati wenye kamera wengi wanakwenda kula. Mimi pia nakwenda kula, ila nakula Mtaa wa Jamhuri, kibarazani, kwa sababu saa hizo watu wote wenye akili wamejibanza kwenye vivuli vya majengo, na picha imewafuata huko huko.

Kazi inayoniletea unga ni kuchora ramani za nyumba. Nilianzia kwenye meza ya mbao na kalamu za wino, siku hizi ni kompyuta. Kupiga picha za mji kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe ni maradhi yangu ya Jumapili na sikukuu. Katika ramani zetu huwa tunamchora mtu mmoja asiye na sura kando ya mlango, kusudi mteja aone mlango una kimo gani. Mtu huyo hana jina wala shughuli, ni rula tu yenye miguu. Nadhani ni yeye aliyenisukuma mitaani. Nilitaka kuona milango ile ile ikiwa na wenyewe.

Na milango ipo. Ukizunguka Kisutu, Mtaa wa Jamhuri, wa Indira Gandhi, wa Zanaki, bado utakuta ghorofa za zamani zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kati ya miaka ya 1930 na 1950: duka chini, makazi juu, roshani inayochungulia barabara, kona iliyoviringwa vizuri pale mitaa miwili inapokutana, na juu kabisa, karibu na paa, jina la familia au mwaka wa ujenzi uliochongwa kwenye plasta. Kuta ni nyeupe, au zilikuwa nyeupe. Chini ya roshani kuna kivuli, na ndani ya kivuli kuna watu: fundi saa, muuza kahawa na birika lake, wanaume waliozunguka meza ya magazeti wakisoma vichwa vya habari bila nia yoyote ya kununua.

Hapo ndipo shida inapoanza. Chukua mita ya mwanga, hata hiyo iliyomo ndani ya kamera ya zamani, uielekeze kwenye ukuta mweupe ulio juani. Kwa mkanda wa ASA 400 na kasi ya 1/500, itakwambia ufunge tundu la lenzi hadi f/22, na bado italalamika. Sasa igeuzie uso wa mzee aliyekaa kivulini, hatua chache tu kutoka hapo. Itataka f/2.8. Tofauti hiyo wapiga picha tunaihesabu kuwa vituo sita, na kila kituo ni maradufu ya kilichotangulia, kwa hiyo ukuta unarudisha mwanga mara 64 kuliko uso ule. Jicho la binadamu halioni tabu, linatazama huku, linazoea, linatazama kule. Mkanda hautazami mara mbili.

Tena mita yenyewe haina akili. Imetengenezwa iamini kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha wastani, kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiielekeza kwenye ukuta mweupe, inataka kuufanya kijivu. Ukiielekeza kwenye uso mweusi, nao inataka kuufanya kijivu, kama uliopakwa majivu. Na ukiiachia mandhari nzima ijiamulie, ukuta unashinda kwa ukubwa wake na uso unageuka tundu. Ndiyo maana picha nyingi za miji yetu zina majengo yenye kila ufa na kila dirisha, huku watu wakiwa vivuli vyenye miguu. Wengine huiita sanaa. Kwangu ni uvivu wa kupima.

Kanuni yangu ni kwenda karibu na uso, kuupima, kisha kufunga kituo kimoja ili ubaki na weusi wake wa haki. Uso ukidai f/2.8, napiga kwa f/4. Kama siwezi kumkaribia mtu, napima kiganja changu mwenyewe kwenye kivuli hicho hicho. Kiganja cha Mwafrika ni cheupe kuliko uso wake, kwa hiyo sifungi kitu, naufuata mwanga wa kiganja kama ulivyo. Ukuta? Ukuta siupimi kabisa. Nauacha uungue, kwa sababu najua nitakutana nao nyumbani.

Kwa hili mkanda wa nyeusi na nyeupe unanifaa kuliko kamera ya dijitali, na sisemi hivyo kwa kutamani ya kale. Ndani ya mkanda kuna chembechembe za chumvi za fedha zilizolala kwenye jelatini. Zikipigwa na mwanga hubeba alama isiyoonekana, na dawa huigeuza alama hiyo kuwa fedha nyeusi. Mwanga ukizidi, weusi wa negativu unazidi kujaa, lakini unajaa kwa kupunguza kasi kadiri unavyopanda. Kwenye kamera ya dijitali, kitundu kinachopokea mwanga kikijaa ndiyo basi, hapo pamebaki weupe mtupu, na hakuna programu itakayoirudisha plasta isiyorekodiwa. Wenye dijitali nao wana ujanja wao: wanaupima ukuta, kisha wanainua vivuli kwenye kompyuta, na kamera za sasa zinavumilia sana. Mimi nimezoea kuanza na mtu.

Sehemu ya pili ya kanuni iko kwenye kusafisha. Kwenye negativu, uso wa kivulini ni eneo jepesi lenye chembe chache zilizoguswa na mwanga. Dawa inazimaliza mapema. Ukuta una chembe nyingi, unaendelea kuwa mweusi dakika baada ya dakika. Basi ukikata muda wa dawa kwa kama robo, uso haupotezi mengi, ila ukuta unazuiwa usikimbie. Mmarekani Ansel Adams na mwenzake Fred Archer waliyapanga mambo haya kuwa mfumo kamili mnamo 1940, wakihesabu kanda za mwanga kutoka weusi mtupu hadi weupe mtupu. Adams alikuwa na milima na kamera kubwa ya kipande kimoja kimoja, kila kipande akakisafisha kivyake. Mimi nina mkanda wa picha 36 na Kariakoo. Nachukua kilicho changu katika hesabu zake, nyingine namwachia.

Sasa joto. Karatasi ya maelekezo ya Ilford HP5 Plus inataja dakika 13 kwa dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kwenye nyuzi 20. Nyuzi 20 Dar es Salaam ziko ndani ya friji tu. Maji ya simtanki juu ya paa yanatoka kwenye nyuzi 28, 29, na joto linaikimbiza dawa: muda unakuwa mfupi mno, na ukishuka chini ya dakika tano dawa hailowanishi mkanda sawasawa, unapata michirizi na mabaka angani. Zaidi ya hapo, joto linaukimbiza ukuta ule ule niliokuwa naujengea breki. Kwa hiyo nanunua barafu za vifuko kwa jirani anayewauzia watoto wa shule, naziweka kwenye beseni, chupa za dawa nazisimamisha humo hadi zifike 24. Hapo muda unakuwa karibu dakika 9, na nikiukata robo kwa ajili ya ukuta nabaki na kama 7. Dawa, maji ya kusuuza, dawa ya kukaza picha, vyote viwe kwenye joto moja. Ukitoa mkanda kwenye dawa baridi ukautumbukiza kwenye maji ya moto ya bomba, jelatini inaweza kunywea na kujikunja mikunjo midogo midogo, na huo ndio mwisho wa picha.

Kwa kuosha, wakati wa mgao wa maji, Ilford wana njia ambayo nadhani waliibuni bila kujua wanatuhurumia: jaza kopo, lipindue mara 5, mwaga, jaza tena, mara 10, mwaga, jaza tena, mara 20, mwaga. Kwisha. Huachi bomba likitiririka nusu saa huku mke wako akikutazama.

Nirudi barabarani, maana kuna rangi. Watu hudhani nyeusi na nyeupe haijali rangi. Inajali sana. Simama Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga utazame nyekundu na kijani zikipishana. Kwa jicho zinapiga kelele, kwenye mkanda zinaweza kutoka kijivu kimoja, kanga nzima ikawa tambarare. Chujio kwenye lenzi ndilo linalozitenganisha. Chujio hupitisha rangi yake na kuzuia iliyo kinyume nayo. Jekundu litaitoa kanga nyekundu karibu nyeupe na kuigeuza mbingu kuwa nyeusi ya kutisha, na kwa majengo matupu wapiga picha wanalipenda sana: ukuta mweupe, mbingu kama usiku. Mimi kwa mji wenye watu silitumii. Ngozi zetu zina wekundu mwingi ndani ya weusi, na chujio jekundu linatujaza weupe usio wetu, midomo inapotea, uso unakuwa laini kama wa tangazo la mkorogo. Nafunga la njano, basi. Linatuliza mbingu kidogo, linakula kituo kimoja cha mwanga, na watu wanabaki walivyozaliwa.

Mabibi na mababu zetu hawakuwa na uchaguzi huo. Mikanda na sahani za vioo za zamani, kabla ya zile zinazoona rangi zote kuenea katika miaka ya 1920 na 1930, zilikuwa vipofu kwa wekundu. Ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi zaidi ya ilivyo. Mpiga picha wa studio alilazimika kupigana na mkanda wake kwa taa, kwa kitambaa cheupe cha nyuma, kwa poda. Pwani yetu ilikuwa na mabingwa wa studio, hata baada ya vita hivyo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaishika baada yake. Mombasa alikuwapo Parekh, Lamu alikuwapo Omar Said Bakor aliyesifika kwa kuunganisha picha mbili tatu kuwa moja. Ninalompendea Oza ni kwamba alifanya pande zote mbili, watu ndani ya studio na mji nje ya mlango. Ukiziangalia picha zake za nyuso, jinsi shavu lilivyopewa mwanga wa upande, unaona mtu aliyepima uso kwanza.

Majengo pia yana tabia ya kusaidia au kukwamisha. Mitaa ya zamani inasaidia: ukuta mweupe wa upande wa juani unaurusha mwanga upande wa pili, ukaingia chini ya roshani ukiwa umetulia, na tofauti ya vituo sita inashuka hadi vinne au vitano bila wewe kufanya lolote. Minara mipya ya vioo inakwamisha. Kioo hakitawanyi mwanga, kinautupa kama kilivyoupokea, vipande vyenye kingo, na mtu anayevuka barabara anakuwa na vivuli viwili na doa la jua kwenye sikio. Wachora ramani wa enzi ya uhuru walilijua jua hili vizuri zaidi. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyesomea Bombay, na wenzake wa kizazi hicho walitumia kuta za matundu na vikingio vya zege ili jua lipigwe chenga kabla halijafika dirishani. Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, limefunikwa na paa la zege lenye umbo la miavuli, na chini yake mwanga ulikuwa unaingia kwa mapengo, ukidondoka juu ya magunia na migongo ya wapagazi. Moto wa Julai 2021 uliliharibu, ukarabati ukafuata. Negativu zangu za kabla ya moto nimezitenga kwenye bahasha yao.

Kuna jambo moja la mchora ramani ambalo wapiga picha hawalizingatii: kwa mahali ilipo Dar es Salaam, uso wa jengo unaotazama kusini haupati jua la adhuhuri ila kuanzia mwezi wa kumi hadi mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Miezi mingine yote ni zamu ya wanaotazama kaskazini. Kama kuna nyumba unaitaka na imeelekea kusini, usiifuate Juni. Utarudi na picha ya kijivu na lawama kwa mkanda.

Ruhusa ni sura nyingine. Benki, bandari, kambi na ofisi za serikali naziacha zilivyo, na tripodi siibebi, maana miguu mitatu inamwita mlinzi kuliko kengele. Kwa watu wa barazani nasalimia kwanza, kamera ikiwa imening'inia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Unapiga nyumba au unanipiga mimi?”

“Nyumba peke yake nitaifanyia nini, mzee wangu? Nawataka wote wawili.”

“Basi subiri nikachukue kofia.”

Kofia yenyewe nyeupe pe, yaani ukuta mwingine mdogo juu ya kichwa. Na akishakaa, wajukuu wanazunguka nyuma ya kamera watazame, wanakuta plastiki nyeusi. “Mbona haionyeshi?” Nawaambia ni ya mkanda, picha itakuja. Hapo wengine hucheka, wengine hawaamini, na ni lazima kweli ije, kwa sababu mtaa una kumbukumbu. Napeleka nakala. Mtaa uliopelekewa nakala hauulizi tena “unatupeleka Ulaya?”

Kuna wanaosema picha nzuri ya mji ni ya kuviziwa, na wana hoja. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, mfalme wa kuvizia, alisema picha moja ya Martin Munkácsi ndiyo iliyomwasha: vijana watatu weusi wakikimbilia mawimbi. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba ni Ziwa Tanganyika. Siku hizi baadhi ya wahifadhi wanaandika Liberia. Sisi wa huku tunapenda ibaki Tanganyika, bila shaka. Lakini itazame picha yenyewe: ni miili iliyo karibu kuwa vivuli vitupu mbele ya maji meupe, na povu halikupotea. Kuvizia na kupima vinaweza kukaa nyumba moja.

Anayetaka kuanza asitafute kamera ya bei. Pentax K1000, Zenit ya Kirusi iliyosahauliwa kabatini na mjomba, zote zinafanya kazi ikiwa shata inafunguka sawasawa na lenzi haina ukungu. Unyevu wa pwani unaotesha ukungu ndani ya kioo, kwa hiyo ifungie kwenye kopo lenye kifuko cha kunyonya unyevu. Mkanda ukae kwenye friji, utolewe saa chache kabla ya kutumika. Dukani haupatikani kwa urahisi. Wangu huja kwenye begi la shemeji akitoka safari, naye namsihi auombee ukaguzi wa mkono uwanja wa ndege, maana mashine mpya za kukagua mizigo zinauunguza mkanda.

Wakati fulani ilibomolewa nyumba moja Kisutu niliyoipiga miaka kadhaa nyuma. Familia iliyokuwa imepanga ghorofa ya juu ikasikia habari zangu, wakaja nyumbani, mama mtu mzima na watoto wake wakubwa, wakitaka picha ya jengo. Nikaikuza usiku ule kwenye karatasi kubwa. Jengo hawakulitazama sana. Walitazama roshani, palipokuwa na mwanamke anaanika nguo, uso wake mdogo kama punje ya mchele. Binti akasema ni bibi. Kaka yake akasema ni mama mdogo, bibi hakuwa mrefu hivyo. Mabishano yakafika kwenye ukubwa wa madirisha, nikaombwa nitoe hesabu ya kimo kama mtaalamu, nikakataa kuingilia.

Mama alikuwa kimya muda wote. Kisha akaniuliza, “Baba, mbona ukuta umeutoa mchafu? Ulikuwa mweupe kuliko hivi. Tulikuwa tunapaka chokaa kila Idi.”

Nikamweleza kwamba naweza kuutoa mweupe, negativu inaruhusu, ila zile nguo kwenye kamba zitayeyukia ukutani.

Akaivuta karatasi karibu na macho. “Ziache,” akasema. “Shuka lile ni langu.”